Mtu wa Sikio

Mtu akisema mbele yangu kwamba yule mzee hakuwa na cheti, huwa naweka bisibisi chini kwanza ndipo namjibu. Naiweka chini kwa sababu najijua. Mdomo wangu ukianza, mkono nao unataka kuusaidia. Kwa hiyo naiweka chini, nafuta vidole, namwambia kaa hapo kwenye ndoo nikusimulie.

Tulimwita Katekista. Jina alikuwa nalo, lakini kijijini Titye halikuwa na kazi. Hata mkewe alikuwa anatoka mlangoni anaita, "Katekista, maharage bado, usinisumbue." Mimi ni Muislamu, baba yangu ana duka Kasulu mjini, asili yetu Ujiji, na hata mimi sikuwahi kumwita vingine. Mambo ya kuzaliwa kwake na ukoo wake siyaelezi, maana hakuniambia vizuri, na mimi si mtu wa kubuni. Ninachojua, alivuka mpaka upande wa Munanila akiwa kijana, enzi zile Warundi wengi wanavuka, ametoka seminari ndogo hajamaliza, kwapani ana kitabu kimoja cha sarufi ya Kilatini. Kitabu kililoa njiani, kikaota ukungu, mwaka wa pili mchwa wakakimaliza. Akabaki nacho kichwani. Wengine walivuka na mbuzi, yeye alivuka na sarufi, na nikwambie, mbuzi wale wote walishaliwa.

Mimi nilikuja Titye mwaka 2012. Baba alinifungulia kibanda ubavuni mwa stoo yake ya mahindi, nitengeneze redio na simu. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilifungua redio ya baba nikiwa darasa la sita, kufunga kukanishinda, nikaogopa kula nyumbani siku mbili mpaka ilipolia tena. Darasa la saba nikafeli. Yaliyobaki nimeyapata kwa kufungua vitu na kubishana na wanaojua.

Basi na yeye nilimpata hivyo hivyo, kwa kubishana.

Alikuwa mtu mdogo, mfupi, miguu myembamba kama ya korongo, ila sauti haikuwa ya mwili ule. Siyo kwamba alipaza. Sijawahi kumsikia anapaza. Siku ya gulio, mashine ya kusaga inaunguruma, wauza migebuka, samaki wetu wa ziwani, wanaita, mbuzi wanalia, yeye anaongea na mtu hatua kumi kutoka kwako na unageuka ukidhani amekuita wewe. Ilikuwa sauti inayoingia. Nilikuwa najiuliza kama fundi, hii spika ya saizi gani iliyowekwa kwenye boksi dogo namna hii.

Kigango chao, kanisa dogo la kijiji, kilikuwa na ubao mzuri mweusi, walipewa zawadi na watu wa parokia. Katekista aliulaza juu ya mawe nje ya kanisa akaanikia muhogo. Mwenyekiti wa kigango, mzee mmoja nadhifu, shati limepigwa pasi hata siku ya kulima, alikuwa analalamika kila Jumapili. Ubao wa kufundishia unaanikiwa muhogo, Katekista, wageni watatuonaje? Naye anamjibu kwa upole kwamba mwenyekiti asihuzunike, ubao umeshapata kazi, wangapi hapa Titye hawana kazi.

Darasa lake alilifundisha bila chaki. Walikuwa wakatekumeni, yaani watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, na kwake wengi walikuwa wazee, bibi kwa babu, watu wa jembe. Hakukaa mbele yao. Alizunguka, akakaa ubavuni kwa mmoja, bega kwa bega, wote wawili wanaangalia mashamba, akasema neno lake mara tatu sikioni. Halafu anahamia kwa mwingine. Wakirudi wiki inayofuata hawaulizi mmekariri. Anauliza, "Ulimwambia nani?" Lazima uwe umemwambia mtu. Mjukuu, jirani, shemeji, hata mlevi njiani. Kama hukumwambia mtu, hupewi neno jipya, unakaa na la zamani mpaka litoke. Kuna babu mmoja alikuwa anaishi peke yake, akasema alimwambia ng'ombe. Katekista akafikiri, akamuuliza ng'ombe alifanyaje. Babu akasema aliacha kutafuna. Akapewa neno jipya.

Mimi niliuona utaratibu ule kutoka kibandani kwangu, ng'ambo ya barabara, na uliniingia kwa sababu chuoni kwetu, madrasa, tulianza hivyo hivyo, kwa sikio, kabla sijajua alifu iko wapi. Lakini sikumwambia. Mimi nikimpenda mtu naanza kumchokoza.

Usidhani namchora malaika. Alihubiri uvumilivu na hakuweza kusubiri maharage. Alikula maharage yanagonga kama kokoto kwenye sahani, mwaka mzima analia na tumbo. Mpira ndiyo usiseme, timu yake ikifungwa alisema redio yake nimeitengeneza vibaya. Alimsahihisha padre Kilatini hadharani, siku ya sikukuu, padre akiwa bado na mikono juu. Na alikuwa na jirani yake, mwenye migomba inayotia kivuli mahindi ya Katekista, ambaye hakuwahi kumsalimia kwa miaka tisa. Tisa. Kila jioni anafundisha watu msamaha, kila asubuhi anapita kwa jirani shingo imekakamaa kama ana jipu. Nilimwambia siku moja, Katekista, wewe ni mnafiki. Akasema, "Ego," ndiyo ile ya Kiha, kavu kabisa, akaendelea kusubiri betri zake.

Siku niliyomchokoza kweli ilikuwa ya mvua. Kaja na redio imekufa, kibanda kimejaa, barabara ni tope jekundu, hakuna wa kuondoka. Nikamuuliza mbele ya watu, hivi hili neno katekista mmelitoa wapi, maana Kiswahili siyo, Kiarabu siyo, linafanana na jina la dawa ya minyoo.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Aliangalia juu ya meza yangu akaona sufuria ya chai tupu, akaiokota, akaipiga kwa bisibisi yangu. Ikalia. Akaiweka ikilia vile vile karibu na sikio langu, mpaka ule mlio ukaisha.

"Umeishia wapi?" akaniuliza.

Nikasema umeishia kwenye sufuria.

"Oya, hapana. Umeishia ndani yako. Sufuria ilinyamaza zamani."

Ndipo akaeleza. Neno ni la Wagiriki, alisema. Wao walikuwa na neno la kulia, kulia kwa kengele au ngoma, kuvuma kule kunakorudi ukiita kwenye bonde. Wakalitia mbele kijineno kata, maana yake chini, chini mpaka kabisa. Vikiungana, ni kumpigia mtu sauti mpaka ishuke ndani. Ndiyo kufundisha kwao, kufundisha kwa mdomo na sikio. Anayepiga hiyo sauti wakamwita katekhistes. Anayepigiwa akaitwa katekumeni. Neno moja limegawanyika, la mtenda na la mtendwa, kama sisi tunavyosema mtuma na mtumwa.

Halafu Walatini wakalichukua. Alipofika hapo akachangamka kama mtu anayesimulia mechi. Walatini, anasema, maneno ya Kigiriki ya watu, yale yanayoishia na tes, waliyakata mkia wakayawekea ta. Mshairi akawa poeta. Baharia akawa nauta. Nabii akawa propheta. Na huyu akawa catechista. Tatizo ni kwamba kwa Kilatini maneno ya kuishia na a wamewekewa wanawake. Yana mwendo wao, catechista, catechistae, catechistam, kama vile unavyosema rosa, ua. Sasa neno limevaa kike lakini mwenyewe mwanaume. Unapotaka kumsifu unasemaje, mwema wa kike au mwema wa kiume? Unasema bonus, ya kiume. Catechista bonus. Nguo inasema hivi, sifa inamfuata mtu.

Watu kibandani walishaanza kuangalia mvua. Mimi nilikuwa nimeshika chuma cha kulehemu kinapoa mkononi. Nikamwambia, mbona hicho kitu tunacho. Kiongozi. Kinaanza na ki kama kiti na kijiko, lakini husemi kiongozi kizuri kimekuja. Unasema kiongozi mzuri amekuja. Kipofu, kiziwi, kijana, wote hao. Nguo ya kitu, sifa inamfuata mtu. Tena na wewe mwenyewe, makatekista, umepewa ma kama matope na mawe, lakini unasema makatekista wamekuja, siyo yamekuja.

Katekista akasimama, akavaa koti lake la mvua, akatoka kwenye mvua ile ile bila redio yake.

Nikajua nimemkosea. Kesho yake asubuhi nafungua kibanda, namkuta amekaa kwenye ndoo. Akasema, "Mwana wanje, mwanangu, miaka arobaini nawatafutia watu mfano wa hilo neno. Miaka arobaini. Wewe umeutoa kinywani kama mate." Halafu, kwa ukali, kama mimi ndiye niliyechelewa, "Kaa. Tuanze na la kwanza. Rosa."

Ndivyo nilivyojifunza Kilatini, mtoto wa kike wa Kiislamu, Titye, juu ya meza ya redio. Baba alisikia akapanda gari kutoka mjini kuja kuniuliza kama nimebadili dini. Nikamwambia sijabadili hata soksi. Akakaa akasikiliza nusu saa, akamuuliza Katekista maswali mawili ya Kiarabu na Kigiriki, wakaagana vizuri. Alipoondoka aliniachia pakiti ya majani ya chai, akasema ni ya mwalimu.

Sasa nije kwenye barua.

Ilikuwa Kwaresima ya 2013. Barua kutoka parokiani ilisomwa kigangoni Jumapili, Mwenyekiti ndiye aliyeisoma. Mwaka huu wakatekumeni watu wazima watafanya mtihani wa kuandika. Atakuja mtahini kutoka mjini. Na katekista ambaye darasa lake litafeli, atakabidhi darasa kwa mwenzake mwenye cheti cha chuo. Katekista alikuwa na watu kumi na moja. Wanaojua kusoma walikuwa wawili.

Nilisikia saa hiyo hiyo, maana habari Titye haivuki barabara, inaruka. Nilifunga kibanda nikaenda. Nikamkuta Mwenyekiti anamshauri taratibu, na kusema kweli hakuwa mbaya, alikuwa anaogopa tu: peleka wale wawili wanaosoma, tisa wasubiri, ukipeleka wote unafeli, ukifeli unaondolewa, na ukiondolewa hao tisa atawafundisha nani kwa sikio? Yule wa cheti atawapa daftari. Wataacha.

Katekista akasema, "Wote kumi na moja, au asiende hata mmoja."

Mimi nikawaka. Nilimwambia Mwenyekiti maneno ambayo siyarudii. Katekista akanitoa nje kwa mkono, akaniambia hasira yangu ni redio nzuri imefunguliwa sauti mbaya, nikapunguze.

Wiki mbili kabla ya mtihani akaugua homa. Mvua, kifua, kitanda. Na wale wazee bado walikuwa na maneno hawajapewa. Hapo ndipo nilipojiona nina akili. Nilikwenda na simu, nikamrekodi akiwa amelala, maswali yote na majibu yote, kama saa nzima. Nikahamishia kwenye memori kadi, nikazitia kwenye redio ndogo zile za kichina zenye tundu la kadi, nikagawa nyumba kwa nyumba. Sikuwa na jinsi ya kukata sauti, kwa hiyo nilirekodi na kila kitu. Jogoo yumo. Mkewe anayemuuliza kama atakunywa uji yumo. Na katikati ya jibu la sala, Katekista anakohoa mara mbili, anasema samahani, anaendelea.

Wale wazee walisikiliza wiki mbili asubuhi mpaka jioni. Mashambani ulikuwa unapita unasikia Katekista analima mashamba matano kwa wakati mmoja. Nilikuwa natembea kichwa juu.

Siku ya mtihani nilikaa dirishani, kwa nje, ushungi wangu kichwani, bisibisi nimeiacha kwa makusudi. Mtahini alikuwa kijana, viatu vinang'aa na tope limevizunguka kama limekatazwa kupanda. Alikuwa na adabu, ndiyo ilinikera zaidi. Akagawa karatasi. Wazee tisa wakazipokea kwa mikono miwili, wakaziweka magotini kama watoto wachanga, wakamwangalia.

Katekista akasimama, bado homa haijamwisha, ameshika benchi. Akasema hizo karatasi zitarudi nyeupe, si kwa sababu hawajui. Akaomba waulizwe kwa mdomo. Mtahini akamjibu, mzee wangu, utaratibu ni kuandika. Ndipo Katekista akamuuliza kama jina la kazi hii anajua lilikotoka.

Kumbe na yule kijana alipita seminari. Akatabasamu, akakunja mikono, akaanza kumpima. Asili yake? Katekista akatoa Kigiriki chote, kata na kulia kwake, mtenda na mtendwa. Wingi wake? Catechistae. Na wakiwa wema? "Boni," akasema Katekista, "wala usinitege na bonae ya kike, mimi ni mtu mzima." Kisha akasema lile ambalo mpaka leo nalisikia.

"Waliotupa jina walitupa sikio, hawakutupa kalamu. Mpime mtu kwa kazi aliyoitiwa. Wakishindwa kwa sikio, darasa nakukabidhi mimi mwenyewe, leo, bila barua."

Mwenyekiti pale pembeni alikuwa anajipangusa jasho na leso iliyopigwa pasi. Hatimaye yule kijana akakusanya karatasi zake, akasema sawa, kwa mdomo, lakini wakishindwa usinilaumu.

Akauliza swali la kwanza, wote wajibu. Wakajibu vizuri. La pili vizuri. Akauliza sala ni nini. Kumi na moja wale, kwa sauti moja, wakasema sala ni kuongea na Mungu, wakakohoa mara mbili, wakasema samahani, wakaendelea, kama mtoto na baba yake.

Nilitamani ardhi inimeze pale dirishani. Mtahini alifikiri wanamfanyia mzaha. Akawaambia warudie. Wakarudia, na kikohozi kile kile, na samahani ile ile, na bibi mmoja mwishoni, kwa uaminifu wake, akauliza, "Utakunywa uji?"

Mtahini akafunga kitabu chake. Hakukasirika, alisikitika, akasema, mzee wangu, hawa umewafanya kasuku. Kasuku hawezi kubatizwa.

Mimi tayari nilikuwa nusu ndani ya dirisha. Nikapiga kelele kwamba kosa ni langu, kadi ni zangu, mnaniona mimi hapa. Katekista hata hakugeuka, aliinua kiganja tu, nikakaa. Akamwambia Mtahini aulize swali lisiloandikwa popote. Amchague mwenyewe wa kumuuliza.

Kijana akapitisha macho. Akachagua aliyemwona mnyonge kuliko wote, Bibi Ntahondi, mdogo, amejikunja kwenye kitenge, jicho moja lina mtoto wa jicho. Ndiye wa uji. Akamuuliza kwa sauti ya upole, "Bibi, katika yote uliyofundishwa, ni neno gani lako mwenyewe, siyo la Katekista?"

Bibi Ntahondi akamwomba arudie. Akarudia. Bibi akawaza. Nilisikia matone ya mvua yakidondoka kutoka kwenye bati, moja moja.

"La kuwasamehe waliotukosea," akasema. "Mengine niliyapokea, mwanangu. Hilo nilikataa."

"Ulikataa?"

"Shemeji yangu alisogeza mpaka wa shamba nilipofiwa na mume. Alihamisha mawe, mimi nikiwa kwenye matanga. Nikamuuliza Katekista, na huyo yumo? Akasema yumo. Nikamwambia basi kaa na dini yako. Nikaondoka. Miezi mitatu sikukanyaga hapa." Akanyanyua kidole kumwelekeza Katekista bila kumwangalia. "Nikarudi na swali. Nikamuuliza, na wewe na yule wa migomba? Hakunijibu, alikwenda nyumbani. Wiki ile alimsalimia jirani yake. Mimi nikamwona. Ndipo na mimi nikamsalimia shemeji. Mawe hajarudisha. Nimemsalimia hivyo hivyo."

Katekista anaangalia miguu yake. Nikakumbuka kweli, ni kama miezi kadhaa shingo yake asubuhi ilikuwa imelainika, na mimi nikadhani ni jipu limepona.

Bibi Ntahondi akajifunga kitenge vizuri, akamalizia. "Umesema kasuku. Mimi kasuku simjui vizuri. Ila ndege wa kufundishwa kusema hakasiriki akaondoka miezi mitatu, akarudi kwa miguu yake."

Yule kijana alifungua kitabu, akakifunga tena. Halafu akacheka, siyo kwa dharau, alicheka kama mtu aliyeshushiwa mzigo, akaanza kuwapitia mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na lake. Babu wa ng'ombe alimweka karibu robo saa, walibishana kuhusu wanyama kama wana roho, na sidhani kama Mtahini alishinda. Alipomaliza, aliandika majina yote kumi na moja kwa mkono wake, na Mwenyekiti akatoka nje mbio kwenda kuutoa muhogo kwenye ubao, sijui kwa nini, furaha tu.

Pasaka walibatizwa wote. Nilisimama mlangoni na baba, kaja na kanzu nyeupe, akampa Katekista mkono. Katekista alikula pilau yetu siku hiyo sahani tatu. Yule jirani wa migomba alikaa naye benchi moja, wakawa wanagombana kuhusu kivuli, kwa maneno sasa.

Nilimwona tena mwaka 2015, Kibondo. Mimi nilishahamia Kasulu mjini na kupanua kazi, nakodisha na vyombo vya muziki, spika mbili kubwa, amplifaya na jenereta. Napigiwa simu niende ukumbi wa parokia mmoja huko, kuna semina ya makatekista. Nafika, nani yupo mlangoni? Mtahini, sasa ana kitambi kidogo. Akaniambia semina ni yake, ameiomba mwaka mzima, na mwalimu wa semina yuko ndani anakunywa chai.

Alikuwa yeye, Katekista. Amekonda, fimbo mkononi, koti la mvua lile lile. Mbele yake makatekista kama ishirini, kutoka Murungu na vijiji vya jirani, na wengine wametoka kambini kwa wakimbizi, Warundi waliovuka mwaka ule ule na Wakongo wa siku nyingi. Wote wasomi. Wamekuja na madaftari na kalamu, wamekuja kufundishwa kufundisha bila hivyo.

Nikafunga spika zangu kwa heshima zote. Alipoziona akasema ziondolewe. Nikamwambia Katekista, umezeeka, kifua hicho hakifiki nyuma. Akasema kinafika. Nikamwambia nimeendesha toka Kasulu kwenye barabara ile ya mashimo. Akasema pole, na ziondolewe. Nikazitoa nje nimevimba, nikazipanga uani, nikakaa juu ya jenereta.

Basi nikasikiliza. Ndani alianza na lile neno, kata, na kulia. Aliwapanga bega kwa bega, akaanza kuzunguka. Mkongo mmoja akamwambia, "Papa, rudilia leson, sisi ya nyuma hatusikie bien." Akamjibu asogee, si yeye aongeze sauti. Wakasogea. Nikasikia viti vinaburutwa. Ishirini wakajibu kwa pamoja, halafu kila mmoja akatumwa nje kutafuta mtu wa kumwambia.

Wakatoka. Mmoja akamshika muuza karanga. Mwingine akamshika dereva wa bodaboda. Mmoja akanishika mimi, nikamwambia najua hilo kabla yako, nenda kwa mwingine. Lakini wale walioambiwa hawakuondoka. Walitaka kujua lililofuata. Muuza karanga akaweka beseni chini. Wamama wa sokoni wakavuka barabara, wanafunzi wakasimama kwenye ua, na yale makundi mawili kutoka kambini yakawaita wenzao waliokuwa wanasubiri gari. Mlango ukajaa, madirisha yakajaa, ua ukajaa mpaka kwenye jenereta langu.

Katekista akaja mlangoni akaegemea fimbo. Akaangalia ule umati mpaka mwisho wake, kule barabarani, akauangalia tena kama anauhesabu. Mtahini alikuwa nyuma yake, mkono umemfunika mdomo. Yule mzee akashuka ngazi moja, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Mwana wanje," akasema, "washa. Wamekuwa wengi kuliko kifua changu."